Shabiki wa Mpira wa Kikapu wa Vyuo na Maisha ya Uchumba

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani huanza mwanzoni mwa Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi hiyo mitano timu ya daraja la juu hucheza takriban michezo 30 kabla ya mashindano ya mtoano, na kila mchezo humla shabiki saa mbili au zaidi, ukiacha muda wa kupanga foleni, kusafiri na kuujadili mchezo baada ya kipenga cha mwisho. Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ni burudani ya majira ya baridi. Kwa shabiki lialia ni ratiba inayoamua jioni zipi atakuwa huru, usiku upi atakuwa na bashasha na usiku upi hatataka kusemeshwa. Uchumba nao una ratiba yake. Magomvi mengi ya wapenzi ambao mmoja wao ni shabiki hutokea pale ratiba hizi mbili zinapogongana na hakuna aliyelizungumza jambo hilo mapema.

Ushabiki huu una mizizi tofauti na ule wa ligi ya kulipwa. Mwanafunzi huketi darasa moja na wachezaji, hupishana nao kwenye bwalo la chakula, kisha huondoka chuoni akiwa na shahada yenye jina la chuo hicho hadi mwisho wa maisha yake. Baadhi ya miji yenye timu kubwa, kama Lawrence katika jimbo la Kansas na Storrs katika jimbo la Connecticut, ni midogo na haina timu ya kulipwa, hivyo usiku wa mchezo mji mzima huelekea mahali pamoja. Timu ya Kansas iliasisiwa mwaka 1898 na James Naismith mwenyewe, mwalimu aliyeubuni mchezo huu huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Familia nyingi za huko zimerithishana timu kutoka kwa babu hadi mjukuu. Anayeanza uhusiano na mtu wa familia ya namna hiyo anaingia katika nyumba yenye desturi zake, na kuzidharau desturi hizo siku za mwanzo ni kuwadharau wakwe kabla hata hawajajulikana.

Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki na Kongo huzoea mambo haya upesi, wengine kwa kumfuata mtu wa kwao. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, timu hiyo ikafika nusu fainali ya taifa katika mwaka wake wa mwisho, na baadaye mwaka huohuo akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alitajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka 2022 akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky. Mwanafunzi aliyekwenda kusomea uhasibu au uuguzi hujikuta ana jezi, ana wimbo wa chuo na ana watani wa jadi, na mpenzi aliyemwacha nyumbani hajui lolote kati ya hayo.

Jambo la kwanza la kufanya, na lenye faida kuliko mengine yote, ni kusema mapema. Shabiki anayeanza kutoka na mtu mwezi wa Oktoba anapaswa kumweleza kabla ya Novemba. Asingoje ugomvi wa kwanza. Kusema “mimi napenda sana mpira” hakumsaidii msikilizaji kitu, kwa kuwa kila mtu husema hivyo. Kinachosaidia ni kuipitia ratiba ya msimu pamoja na kuonyesha michezo gani haikosekani, michezo gani inaweza kurekodiwa ikatazamwa baadaye, na ipi inaweza kuachwa kabisa. Shabiki mkweli akifanya zoezi hili hugundua kwamba isiyokosekana ni michache: ile ya watani wa jadi, miwili mitatu ya kuamua nafasi katika ligi, na mtoano. Michezo ya Novemba dhidi ya timu dhaifu haistahili kuharibu siku ya kuzaliwa ya mtu.

Mwenzi naye aitaje ratiba yake. Siku ya wapendanao, 14 Februari, huangukia katikati kabisa ya michezo ya ligi. Duke na North Carolina, vyuo viwili ambavyo ni watani wa jadi, hukutana angalau mara mbili kila msimu, kwa kawaida mara moja mwanzoni mwa Februari na mara nyingine mwanzoni mwa Machi. Harusi za ndugu, mahafali na safari za kwenda kuwaona wazazi hazijui habari za ligi. Yanapogongana, suluhisho ni kukubaliana wiki kadhaa kabla ni lipi litakalopewa nafasi. Ahadi ikishatolewa haivunjwi kwa sababu timu imeanza kufanya vizuri bila kutarajiwa. Shabiki anayevunja miadi ya aina hii mara moja anaweza kusamehewa. Akirudia, ameshamwonyesha mwenzake nafasi yake, na mwenzake hana haja ya kuuliza tena.

Ugumu wa saa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hali ya moyo, na hapa watafiti wamegundua mambo ambayo kila anayechumbia angefaidika kuyajua. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliohesabu mavazi ya wanafunzi darasani siku za Jumatatu katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani. Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ilipokuwa imeshinda Jumamosi, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina au nembo ya chuo kuliko ilipokuwa imefungwa. Mtu ambaye hakugusa mpira hata mara moja alijivika ushindi ule kana kwamba ni wake.

Utafiti unaogusa uchumba moja kwa moja ulitoka mwaka 1992, kazi ya Edward Hirt, Dolf Zillmann na wenzao. Waliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana, mahali ambapo mpira wa kikapu una wafuasi wa dhati, wakawatazamisha mchezo wa timu yao ukiwa unaendelea. Kisha wakawataka wakadirie uwezo wao katika kazi ya mikono, katika kazi ya akili, na katika kukubaliwa na watu wenye mvuto, waliokuwa wakionyeshwa picha zao, kama wangewaomba mtoko. Timu iliposhinda, mashabiki walijiona wana uwezo zaidi. Iliposhindwa, walijishusha, wakajiona hata hawana bahati ya kukubaliwa. Uso wao, tabia zao na maneno yao vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni alama ubaoni tu.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa kijana anayetafuta mchumba. Ujasiri wa usiku wa ushindi ni fedha ya kuazima: inatosha kumpa mtu moyo wa kusalimia, lakini haifai kujengea nyumba. Hakuna ubaya kumwendea mtu aliyekuwa akitazamwa kwa mbali na kumwomba namba ya simu wakati moyo umechangamka. Ubaya upo katika kutoa ahadi kubwa, kutamka mapenzi ambayo jana hayakuwepo, au kumsukuma mtu aamue palepale kwa kuwa mwombaji anajiona hakataliki. Anayeombwa naye afahamu kwamba maneno matamu yaliyosemwa dakika kumi baada ya ushindi yanahitaji kusikika tena Jumatano mchana ndipo yaaminiwe.

Usiku wa kufungwa una hatari iliyo kinyume, na hii huzungumzwa kidogo mno. Shabiki aliyefungwa hujihukumu, na akishajihukumu huanza kuuhukumu uhusiano wake. Ujumbe uliochelewa kujibiwa huonekana dharau. Tofauti ndogo ya juzi huonekana sababu ya kuachana. Maamuzi ya kuvunja uchumba, barua ndefu za malalamiko na maswali ya “hivi unanipenda kweli?” yaahirishwe hadi asubuhi. Mengi ya hayo, mtu akishalala na kula, hayatakuwa na haja ya kusemwa, na yale yatakayobaki yatasemwa kwa sauti ya kawaida.

Mtoko wa kwanza uwanjani ni jambo zuri ukipangwa vizuri. Faida yake kubwa ni kwamba ukimya haumtii mtu aibu, kwani kuna kitu cha kutazama na kuna mapumziko yanayojulikana. Mchezo wa wanaume una vipindi viwili vya dakika 20. Katika kila kipindi mchezo husimama kwa ajili ya matangazo pale mpira unapotoka baada ya saa kushuka chini ya dakika ya 16, ya 12, ya 8 na ya 4, na kati ya vipindi kuna mapumziko ya dakika 15. Mchezo wa wanawake, tangu msimu wa 2015, huchezwa kwa robo nne za dakika 10. Nafasi za kuzungumza zipo nyingi. Shabiki anayetazama marudio kwenye skrini katika kila mapumziko, au anayewageukia rafiki zake waliokaa nyuma, amemleta mgeni na kumwacha peke yake.

Uchaguzi wa kiti na wa mchezo ndio unaoamua jioni itakuwaje. Jukwaa la wanafunzi ni la kusimama, kuimba na kupiga kelele mwanzo hadi mwisho. Cameron Indoor, ukumbi wa Duke uliofunguliwa mwaka 1940, huchukua watu wapatao 9,300 tu, na wanafunzi husimama pembeni kabisa mwa uwanja, hatua chache kutoka kwa wachezaji. Ni mahali pa ajabu kwa anayeupenda mchezo, lakini watu wawili wasiojuana hawawezi kusikilizana humo. Kwa mara ya kwanza ni afadhali viti vya juu, au mchezo wa Desemba ambao ukumbi haujajaa, au mchezo wa wanawake wenye tiketi nafuu. Usiku wa watani wa jadi haufai hata kidogo kwa mtoko wa kwanza: akili ya shabiki iko kwingine, na mgeni huondoka akiwa ameiona sura moja tu ya mwenyeji wake, tena isiyo ya kawaida.

Yako mambo madogo yanayosahaulika. Mgeni aambiwe rangi za timu mapema, asije akaingia Durham, mji wa Duke, amevaa buluu mpauko ya North Carolina na kuzomewa na watu asiowajua. Aambiwe kwamba nje ni baridi na ndani ni joto, avae nguo za kuvuliwa. Wawili hao wale kabla ya kuingia, kwa sababu chakula cha uwanjani ni ghali. Huko Marekani aliyealika ndiye anayetarajiwa kulipa, lakini miongoni mwa wanafunzi kutoka Afrika Mashariki matarajio hutofautiana, basi ni bora lisemwe waziwazi wakati wa kualika. Na usafiri wa kurudi ujulikane kabla, hasa kama mgeni ni binti anayekaa mbali na chuo na mchezo unaisha saa tano usiku.

Kumfundisha mgeni mchezo ni kazi inayotaka kiasi. Mambo matatu yanatosha kwa siku ya kwanza: timu inataka kufanya nini, mchezaji gani wa kumfuatilia kwa macho, na kwa nini watu wamelipuka kwa kelele. Akimfuata mchezaji mmoja tu kwa dakika kumi, mgeni huelewa zaidi kuliko akihubiriwa kanuni zote. Maswali yake yajibiwe kwa ufupi na bila kucheka. Na katikati ya msisimko wote shabiki asisahau kumgeukia. Kocha John Wooden, aliyeipa UCLA mataji 10 ya taifa kati ya 1964 na 1975, alikutana na Nell wakiwa wanafunzi wa sekondari huko Indiana, yeye akiwa mchezaji na Nell akiwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shule. Walioana mwaka 1932 na hawakuachana hadi Nell alipofariki mwaka 1985. Desturi yao ilidumu miaka yote hiyo: kabla ya mchezo Wooden aligeuka kumtafuta Nell kwa macho, naye akampa ishara ya vidole kwamba mambo ni sawa. Kama kocha mwenye taji mkononi aliweza kugeuka, shabiki wa jukwaani hana kisingizio.

Kosa jingine linalowaudhi watu wengi ni kumtahini mwanamke anayesema ni shabiki. Akitaja timu yake, mara moja huulizwa orodha ya wachezaji na mwaka wa taji la mwisho, maswali ambayo mwanamume haulizwi. Hiyo si namna ya kufahamiana. Aprili 2024 fainali ya wanawake, ambapo South Carolina iliifunga Iowa ya nyota Caitlin Clark kwa 87 kwa 75, ilitazamwa na wastani wa watu milioni 18.9 nchini Marekani, wakati fainali ya wanaume ya mwaka huo ilitazamwa na milioni 14.8 hivi. Mashabiki wanawake ni wengi, wanaujua mchezo, na wengine wanaujua kuliko wachumba wao. Mwanamume anayeona vigumu kusahihishwa na mwanamke kuhusu kanuni za mchezo ataona vigumu kusahihishwa naye katika mambo mengine pia, na hilo ni vyema mwanamke alijue mapema.

Wapenzi wa timu hasimu wanahitaji makubaliano. Duke na North Carolina zimetenganishwa na kilomita 16 hivi, kwa hiyo mashabiki wao hufanya kazi ofisi moja, husali kanisa moja na huoana. Duke wana desturi ya wanafunzi kulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa wakisubiri mchezo wa nyumbani dhidi ya jirani zao, tangu mwaka 1986, kwa makundi na kwa zamu, na kijana aliye zamu ya usiku kwenye hema hawezi kuwa kwingine. Tarehe 2 Aprili 2022 timu hizi zilikutana katika nusu fainali ya taifa huko New Orleans. North Carolina ilishinda 81 kwa 77, na huo ukawa mchezo wa mwisho wa Mike Krzyzewski baada ya misimu 42 ya kuifundisha Duke. Usiku kama huo utani una mpaka wake. Kabla ya mchezo watu wataniane wapendavyo. Baada ya mchezo wa kutolewa, aliyeshinda anyamaze kwanza, amwache mwenzake atamke neno la kwanza. Na utani usivuke timu ukaingia kwenye familia, kabila, dini au akili ya mtu. Wanaojijua kwamba hawawezi kutazama pamoja bila kuumizana watazame mbalimbali, wakutane kesho yake kwa chai. Hakuna aibu katika hilo.

Machi ndio mwezi mgumu. Jumapili moja katikati ya mwezi, timu 68 za wanaume na 68 za wanawake hutangazwa, na kila upande huwa na michezo 67 hadi kupata bingwa. Kwa wanaume, baada ya raundi ya utangulizi, michezo 48 huchezwa kati ya Alhamisi na Jumapili, mingine ikianza adhuhuri na kumalizika karibu na usiku wa manane. Wikendi mbili zaidi hufuata, kisha fainali Jumatatu usiku. Si haki kumtaka shabiki lialia asahau siku hizo, na si haki kwa shabiki kutoweka kwa majuma matatu. Kinachofanya kazi vizuri ni kuchagua: Alhamisi na Ijumaa za mwanzo ziwe za mpira, na Jumatatu hadi Jumatano zinazofuata ziwe za mwenzi kabisa, bila simu mezani.

Mwezi huo pia una mlango mzuri wa kumkaribisha asiyejua mchezo, nao ni kujaza mchoro wa mtoano. Kila mtu hutabiri mshindi wa kila mchezo kabla ya raundi ya kwanza. Ukihesabu michezo 63, namna za kuujaza mchoro huo ni zaidi ya milioni tisa za trilioni, hivyo hata mjuzi hukosea siku ya kwanza. Mwaka 2018 timu ya UMBC, iliyopangwa ya 16 katika kundi lake, iliifunga Virginia iliyopangwa ya kwanza kwa 74 kwa 54, jambo ambalo halikuwahi kutokea upande wa wanaume tangu mashindano yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985. Mgeni anayechagua kwa rangi za jezi ana nafasi nzuri ya kumshinda aliyetazama msimu mzima. Shabiki amwache achague apendavyo. Anayesahihisha chaguo la mwenzake mstari kwa mstari amechukua mchezo wa wawili akaufanya wake.

Kwa walio mbali, Machi ina mtego wa saa. Kati ya Novemba na mwanzo wa Machi, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya New York kwa saa nane. Jumapili ya pili ya Machi saa za Marekani husogezwa mbele, tofauti ikabaki saa saba. Simu iliyozoeleka ya saa tatu usiku, saa za Dar es Salaam, humkuta mwanafunzi wa Connecticut saa saba mchana wakati wa baridi na saa nane mchana kuanzia siku hiyo, katikati ya michezo ya Alhamisi. Kwa upande mwingine, mchezo unaoisha saa tano usiku huko unakuwa umeisha saa kumi na mbili asubuhi huku, wakati mwenzi wa Dar anaamka. Wapenzi wengi wangeepuka manung'uniko kwa kuihamisha simu yao ya Machi iwe asubuhi ya Afrika Mashariki, baada ya kipenga cha mwisho, na kwa shabiki kuandika mapema kwamba atachelewa badala ya kueleza sababu baadaye.

Fedha izungumzwe waziwazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa katazo la kitaifa lililozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na tangu hapo majimbo mengi yameruhusu. Mtu anaweza kubeti kwa simu akiwa kitandani. Kubeti hubadilisha ushabiki: aliyeweka kodi ya nyumba kwenye mkeka hatazami tena timu yake, anatazama deni lake. Mchumba anayegundua kwamba mwenzake anaficha miamala, anakopa marafiki kila Machi au anasema atarudisha yote kwa mchezo mmoja, asikubali kulipa deni hilo kwa mapenzi. Aombe hesabu zote ziwekwe mezani, na mambo ya ndoa au kupanga nyumba pamoja yasubiri mpaka mwenzake apate msaada. Vyuo vingi vya Marekani vina ofisi za ushauri nasaha kwa wanafunzi, na tatizo hili linafaa kupelekwa huko.

Kufungwa kunauma kweli. Machi 2022 Kentucky, ikiwa imepangwa ya pili, ilitolewa siku ya kwanza na Saint Peter's ya Jersey City, chuo kidogo kilichopangwa cha 15, kwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza, ingawa Tshiebwe alifunga pointi 30. Mashabiki wa Lexington, mji wa chuo cha Kentucky, na wa Lubumbashi waliumia. Mwenzi wa mtu aliye katika hali hiyo asiseme “ni mchezo tu”, maana maneno hayo humwambia kwamba maumivu yake ni upuuzi. Kumwekea chakula na kumwacha kwa muda kunafaa zaidi. Shabiki naye aombe muda huo kwa maneno: “Nipe nusu saa, nitakuja.” Kisha aje kweli. Kununa hadi kesho ni kumtoza mwenzake kosa ambalo hakulitenda.

Kununa ni jambo moja, kutisha ni jingine. Mwaka 2011 wanauchumi David Card na Gordon Dahl walichapisha uchunguzi wa taarifa za polisi katika miji yenye timu za futiboli ya kulipwa. Timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao majumbani uliongezeka kwa asilimia 10 hivi. Uchunguzi huo haukuhusu mpira wa kikapu wa vyuo, lakini onyo lake linamhusu kila anayeishi na shabiki. Matokeo ya mchezo hayamfanyi mtu mwema kuwa mkatili. Dalili huonekana mapema: anarusha vitu, anatukana, anamwita mwenzake nuksi kwa kuwa timu imefungwa siku aliyokuja, anadai kutii kwa sababu amekasirika. Anayeanza kuhesabu pointi ubaoni kwa kuhofia usiku wake utakuwaje hana deni la uvumilivu kwa mtu huyo. Aondoke, amwambie ndugu au rafiki anayemwamini, na akiwa Marekani anaweza kupiga 1-800-799-7233, simu ya taifa ya msaada dhidi ya ukatili wa majumbani, ambayo hupokelewa saa 24.

Kuanzia katikati ya Aprili hadi Oktoba hakuna mchezo. Shabiki huyuhuyu huwa na jioni zote, subira na kicheko, na chumba hakina televisheni inayonguruma. Miezi hii ndiyo ya safari, ya kujuana na familia, na ya mwenzi kuchagua mambo anayoyapenda yeye na shabiki kumfuata bila kulalamika, kwa maana majira ya baridi yalikuwa zamu yake. Lakini uchumba ulioanza Mei haujaona shabiki alivyo akifungwa, wala alivyo akishinda. Wawili wa namna hiyo wasiharakishe barua ya posa. Wasubiri Machi moja ipite wakiwa pamoja.